Nani Amefungua Kufuli?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chonjo alimfunga babu yake vifungo vya shati. Babu alikaa ukingoni mwa kitanda, kidevu juu, mikono magotini, kama mtoto anayenyolewa nywele. Mara nyingine alijaribu mwenyewe. Vidole vyake virefu vilikizunguka kifungo cha juu, vikakikosa, vikakizunguka tena, halafu vikakata tamaa.

"Vifungo vya siku hizi havina adabu," Babu alinung'unika.

"Ni vilevile vya jana, Babu."

"Basi ndiyo maana. Vimenizoea."

Chonjo alicheka. Shuleni alikuwa na jina lake la daftari, lakini nyumbani na mtaani wote walimwita Chonjo kwa sababu alikuwa macho tangu utotoni. Mkate ukimegwa pembeni, yeye ndiye aliyejua nani kaumega. Mwalimu akisema leo hakuna jaribio, yeye alilitazama kwanza begi la mwalimu kama limetuna. Ukimpa pipi, atauliza kwa nini.

Asubuhi hiyo hakuwa amemaliza kifungo cha mwisho aliposikia sauti ya Baba koridoni, nayo haikuwa sauti ya salamu.

"Nani amefungua kufuli hili?"

Wote walikusanyika mlangoni. Mlango wa mbele ulitokea moja kwa moja barabarani, kwa hiyo Baba aliufunga kwa ndani kwa komeo na kufuli. Kufuli la kwanza lilikuwa dogo, likakutwa limeharibika. La pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo likakutwa wazi. Hili la sasa lilikuwa nene na zito kama kobe, na muuzaji alikuwa amemwapia Baba kwamba hata mwizi atalionea huruma. Sasa lilikuwa linaning'inia kwenye komeo, mdomo wazi.

"Ufunguo mmoja ninao mimi kiunoni," Baba alisema. "Mwingine uko kwenye mkoba wako, Mama Chonjo."

"Na mkoba nimelala nao karibu na mto. Mimi sijaligusa."

"Labda halikujifunga vizuri jana, Kaka," alisema Shangazi, kikombe cha chai mkononi.

"Nililivuta mwenyewe! Nililivuta hadi bega likaniuma!"

Chonjo alimtazama Shangazi. Watu wote walikuwa wanaliangalia kufuli, lakini Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia zulia dogo jeusi lililokuwa katikati ya korido. Aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akamtazama Babu, kisha zulia tena. Chonjo akasema moyoni: hapa kuna kitu.

Babu hakuulizwa. Nani angemuuliza habari za kufuli mtu aliyeshindwa na kifungo cha shati? Zamani ingekuwa jambo jingine. Zamani Babu alikuwa fundi kufuli mwenye kibanda chake karibu na soko, na watu waliojifungia nje ya nyumba zao walimkimbilia kama wanavyomkimbilia daktari. Lakini alianza kusahau. Alisahau bei, akasahau wateja, akasahau njia ya kurudi nyumbani. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa dimenshia, unaopunguza kumbukumbu polepole. Si uchawi, alisema, wala si ukaidi wa uzee. Kibanda kikafungwa, bango lake likawekwa stoo, na Babu akabaki nyumbani.

Tatizo ni kwamba hakupenda kubaki. Mwezi uliopita alitoka peke yake bila mtu kujua, na alikutwa kwenye mzunguko wa magari, amesimama katikati, malori yakimpigia honi kutoka kila upande. Aliyemkuta alikuwa Baba mwenyewe, akiwa anaendesha lori lake la saruji. Baba alimfikisha nyumbani, kisha akaenda kununua kufuli la pili.

"Nasema mara ya mwisho," Baba alisema sasa, akilibana kufuli kwa nguvu. "Mzee akitoka tena peke yake, nampeleka makao ya wazee kule nje ya mji. Naumia kusema hivyo, lakini sitaki siku moja nimwokote barabarani."

Makao yale yalikuwa mbali, na watoto waliruhusiwa kutembelea mara chache tu. Nani angemfunga Babu vifungo huko? Nani angejua kwamba chai anaitaka ya vuguvugu, na kwamba ukimwita "mzee" anakasirika lakini ukimwita "fundi" anaamka hapohapo?

Mtu fulani alikuwa anafungua kufuli makusudi. Na Chonjo alianza kufikiri kwamba anamjua.

*

Shangazi alikuwa mdogo wake Baba. Alikuja kukaa nao baada ya Babu kupotea, ili awe naye mchana wakati Baba yuko kwenye lori na Mama yuko kwenye duka la dawa anakouza. Hivyo ndivyo walivyosema. Lakini Chonjo aliliona begi lake. Mtu wa kutembea huja na begi dogo. La Shangazi lilishushwa na watu wawili.

Shangazi alilala kwenye godoro sebuleni, na chumba cha Babu ndicho kilichokuwa na dirisha kubwa kuliko vyote. Siku yake ya kwanza tu alikaa juu ya kitanda cha Babu asubuhi nzima, hafanyi kitu, anaangalia tu kuta. Kisha akalala chali. Kisha akachuchumaa sakafuni, akatazama mlangoni. Siku iliyofuata alitoa futi kamba mfukoni, akapima ukuta wa dirishani.

"Unapima nini, Shangazi?" Chonjo aliuliza.

"Napima kama kuna nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Wewe nenda kafanye kazi zako za shule," Shangazi alisema huku akicheka, akaikunja futi kamba.

Mtu asiye na la kuficha angejibu, Chonjo aliwaza.

Halafu vitu vikaanza kutoweka. Kioo kirefu kilichokuwa kwenye ukuta wa chumba cha Babu kilitolewa. Chonjo alikikuta nyuma ya kabati la sebuleni, kimefungwa shuka kama kinasubiri kusafirishwa. Baada ya ile asubuhi ya kufuli, zulia jeusi la koridoni nalo likaondoka. Vibanio vya nywele vya Mama vilipungua kimoja kimoja. Kijiko kidogo cha chai kilipotea. Mwavuli wa Baba ulikutwa umelegea upande mmoja, chuma chake kimoja hakipo.

Babu mwenyewe naye alikuwa na malalamiko yake. Kwa majuma mengi alikuwa anamnong'oneza Chonjo jambo lilelile.

"Kuna mzee mmoja ananikodolea macho humu chumbani. Simwamini hata kidogo."

"Yuko wapi, Babu?"

"Anajua kujificha. Ukija wewe, naye anakuja na mtoto."

Chonjo alichungulia chini ya kitanda na nje ya dirisha, asione mtu. Hata hivyo aliamini. Mtu anayelalamika kila siku lazima ameona kitu. Kwa siku za karibuni Babu alikuwa amenyamaza kuhusu mzee huyo, lakini Chonjo, pamoja na umakini wake wote, hakujiuliza kwa nini.

Kilichomaliza shaka yake ni simu. Alikuwa anarudi kutoka shule, akamsikia Shangazi sebuleni akiongea na mtu.

"Kile chumba nakibadilisha chote. Ndiyo, hasa upande wa dirisha. Hapana, Kaka bado sijamwambia, atakataa kabla hajaona. Njoo na mbao Jumatatu."

Chonjo aliganda nje ya mlango. Picha yote ilijikamilisha kichwani. Shangazi anafungua kufuli. Babu anatoka. Baba anatimiza neno lake, na Shangazi anahamia kwenye chumba chenye dirisha kubwa.

*

"Ni yeye," Chonjo alimwambia rafiki yake darasani. Rafiki huyo alikuwa mrefu na mwembamba, na kila mtu alimwita Rula.

"Umemwona akifungua?"

"Bado."

"Basi huna kesi." Rula alipenda filamu za polisi na alizungumza kama amestaafu jeshini. "Inabidi umkamate na ushahidi mkononi. Unajua mkononi maana yake nini? Mkononi kwelikweli."

Rula alipitisha kidole chini ya ubao, mahali ambapo vumbi la chaki lilikuwa limejaa. Mwalimu alikuwa amechora ramani ya mito kwa chaki ya bluu, kwa hiyo vumbi lote lilikuwa bluu. Alimwonyesha Chonjo ncha ya kidole.

"Unalipaka kufuli. Atakayelishika ataondoka na rangi. Halafu unasema mbele ya watu wote, onyesheni mikono."

"Na akinawa?"

"Unamkamata kabla hajanawa. Kwani wewe unaitwa Chonjo bure?"

Walikusanya vumbi lile kwenye karatasi, Chonjo akalikunja na kulitia mfukoni. Njiani alitembea taratibu, mkono juu ya mfuko, akihisi kwamba amebeba maisha ya babu yake.

Siku ya pili ilikuwa Jumamosi na wote walikuwa nyumbani. Baba alifunga kufuli, akalivuta, akaenda uani kuosha viatu vyake vya kazi. Mama alikuwa uani pia, anafua. Shangazi alikuwa mwisho wa korido, anapaka mlango wa choo rangi ya njano kali bila kumwomba mtu ruhusa. Babu alikuwa chumbani.

Chonjo aliona nafasi yake. Alilipaka kufuli lile chaki ya bluu chini, juu na kwenye tundu la ufunguo. Kisha akajificha nyuma ya pazia la sebuleni, mahali ambapo angeweza kuuona mlango bila kuonekana.

Alikaa, akakaa. Jua la mchana lilipenya kwenye pazia, likampasha mgongo joto taratibu kama mkono wa mtu anayebembeleza mtoto. Alijifinya. Alihesabu maua ya pazia. Sitamtetea: polisi wetu alisinzia akiwa kazini.

Aliamshwa na mlio wa chuma. Alifungua macho na kumwona Shangazi amesimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye kufuli. Vidole vyake vilikuwa bluu.

"Nimekukamata!" Chonjo aliruka kutoka nyuma ya pazia.

"Maskini roho yangu!" Shangazi aligutuka. "Mtoto wewe, unataka kuniua?"

Chonjo hakusubiri. Alikimbia hadi uani, Shangazi akimfuata nyuma huku akiuliza kuna nini.

"Baba! Mama! Ni yeye! Ni Shangazi anayefungua kufuli! Tazameni mikono yake!"

Mama aliacha nguo ndani ya beseni. Baba alisimama na kiatu kimoja mkononi. Shangazi aliigeuza mikono yake, akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Nililipaka kufuli chaki," Chonjo alisema, akihema. "Aliyelishika ndiye anayefungua. Anataka Babu apelekwe kwenye makao ili achukue chumba chake! Kakipima na futi kamba. Kang'oa kioo. Nimemsikia kwenye simu akisema atakibadilisha chumba chote na wewe usiambiwe!"

"Dada," Baba alisema polepole, "hayo ya simu ni kweli?"

"Ya simu ni kweli. Lakini si hivyo alivyo..."

"Na kufuli?"

"Nimelikuta wazi, Kaka, nikalifunga! Nimetoka kupaka mlango, napita, naona linaning'inia. Ningeliacha?"

"Kila mara wewe ndiye uliye karibu," Mama alisema, na sauti yake haikuwa na urafiki. "Vibanio vyangu vimekwenda wapi?"

Macho ya Shangazi yalijaa machozi. Chonjo alikuwa ameusubiri ushindi huu kwa siku nyingi, lakini ulipofika haukuwa mtamu kama alivyodhani. Watu wazima walianza kusema wote kwa pamoja, sauti zikipanda, na mambo ya zamani yasiyohusu kufuli wala chumba yakaanza kutajwa.

Ghafla Mama aliinua mkono.

"Ngojeni kwanza. Mzee yuko na nani?"

Walitazamana, kisha wote wanne wakakimbilia ndani. Chumba cha Babu kilikuwa kitupu. Korido, ambayo siku zote ilikuwa na giza, ilikuwa imejaa mwanga wa barabarani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kufuli halikuwapo.

"Basi," Baba alisema kwa sauti iliyokauka. "Basi, yamekwisha."

Chonjo alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, masikio yakisubiri kusikia honi za magari. Alitoka kwa kasi, nusura ajikwae juu ya mtu.

Babu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwao, miwani puani. Alikuwa ametandaza leso juu ya magoti yake. Juu ya leso, zimepangwa kwa utaratibu kutoka kubwa hadi ndogo, zilikuwa sehemu zote za lile kufuli kama kobe: mwili, upinde, springi, pini ndogo za ndani. Mkono wa kulia ulishika kibanio cha nywele cha Mama, kimenyooshwa na kukunjwa ncha. Kando yake palikuwa na kijiko cha chai na chuma cha mwavuli. Mikono yake ilikuwa bluu hadi kwenye viwiko. Pua ilikuwa bluu. Hata sikio moja lilikuwa bluu.

Hakugeuka.

"Msinizibie mwanga," alisema.

Wakasogea, wote, bila kujua kwa nini wanatii. Vile vidole vilivyoshindwa na kifungo cha shati vilikuwa vinaokota springi ndogo kama punje, vinaigeuza, vinaiweka mahali pake bila hata kutetemeka.

"Babu," Chonjo alinong'ona, "ulilifungua wewe?"

"Sasa nani mwingine? Limeletwa, si limeletwa? Linakwama kidogo hapa." Alionyesha kwa kibanio. "Nimelifungua vizuri tu, nikaenda kuchukua miwani. Narudi, nakuta mjinga mmoja amelifunga tena! Wateja wa siku hizi hawana subira."

Shangazi aliangua kicheko katikati ya machozi. Mama akashika mdomo. Baba alikaa chini palepale, kwenye ngazi, karibu na baba yake, kiatu chake cha kazi bado mkononi.

"Yaani mimi," alisema, "nimemfungia fundi kufuli kwa kufuli."

"Na kila lilipofunguka ukamletea kubwa zaidi," Shangazi alisema. "Yeye anaona kazi imeingia."

"Ile siku ya mzunguko wa magari..." Mama alisema taratibu. "Nilipofua koti lake nilikuta springi mfukoni. Nikaitupa. Alikuwa anaelekea sokoni kwenye kibanda chake. Alikuwa anapeleka kazi."

Baba alimtazama Babu akilirudishia kufuli, kipande kwa kipande, hadi likalia *ta* mkononi mwake. Babu alilifungua na kulifunga mara kadhaa, akasikiliza, akaridhika, akamkabidhi mwanawe.

"Mpelekee mwenyewe. Mwambie sasa liko sawa."

*

Chonjo alitamani ardhi ipasuke immeze. Walipoingia ndani alimkuta Shangazi sebuleni anakunja shuka za godoro lake na kuzitia kwenye lile begi kubwa.

"Shangazi, unaondoka?"

"Sijui, mwanangu. Ni vigumu kukaa mahali watu wanahesabu vidole vyako."

"Nilikosea." Chonjo alishika ncha ya shuka. "Nilikusema mbele ya watu, na sikukuuliza hata mara moja vizuri. Nisamehe, Shangazi. Usiondoke."

Shangazi alikaa juu ya begi. Akapigapiga nafasi kando yake, akimwashiria Chonjo akae.

"Na mimi nilipaswa kukujibu uliponiuliza. Nilikuona mtoto, nikakufukuza. Haya, uliza sasa."

"Kwa nini ulitoa kioo?"

"Babu yako alikuwa anamwona mzee ndani yake. Hajui tena kwamba yule ni yeye. Ungeishi na mtu asiyekujibu salamu, anayekukodolea macho mchana kutwa, usingeogopa?"

Chonjo alishika kichwa. Ukija wewe, naye anakuja na mtoto. Mtoto huyo alikuwa yeye mwenyewe.

"Na zulia?"

"Macho yake yanaona kitu cheusi sakafuni, ubongo unamwambia ni shimo. Ulimwona anavyojibana ukutani akifika pale? Ndiyo maana mara nyingine hakufika chooni kwa wakati, mkadhani anafanya kusudi. Na milango yenu yote ni ya rangi moja, atajuaje ipi ni ya choo? Ile njano ataiona hata akiwa kitandani. Nilimuuguza mama mkwe wangu miaka mingi, mwanangu. Mgonjwa hawezi tena kuizoea nyumba. Nyumba ndiyo inabidi imzoee yeye. Kwa hiyo nikikaa pale kitandani, nilikuwa najaribu kuona anachokiona."

"Na futi kamba? Na mtu wa mbao?"

"Nilitaka atengenezewe meza dirishani, apate mahali pa kukaa na kuchezesha mikono. Vidole vyake havikutulia, nikaona vinatafuta kitu. Sikujua kwamba vimeshakipata."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, akiwasikiliza. Alikohoa.

"Dada, rudisha shuka zako. Tafadhali. Jumatatu huyo mtu wa mbao aje. Na Mzee haendi popote mpaka tujaribu hayo unayosema."

"Nikikaa, kufuli la ndani linatoka," Shangazi alisema. "Siku moto ukitokea, sote tutaungua tunatafuta funguo kwenye mkoba."

"Linatoka," Baba alikubali.

*

Wiki iliyofuata nyumba ilinuka rangi na mbao. Mlango wa mbele ulipakwa rangi ileile ya ukuta na kutundikwa pazia la rangi hiyohiyo, hata ukipita usiuone kwa haraka. Juu yake Baba alifunga kengele ndogo kama ya dukani, ilie mlango ukiguswa. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara aliombwa naye awe macho. Seremala alileta meza imara na benchi lake, akaviweka chini ya dirisha kubwa, na Mama akarudi kutoka sokoni na kikapu cha makufuli mabovu ambayo mafundi walikuwa wanataka kuyatupa.

Lakini Babu hakuielewa ile meza. Aliipita kama anavyopita kabati. Asubuhi mbili alitembea korido nzima, akapapasa pazia la mlango, kengele ikalia, Shangazi akamrudisha. Baba aliona, na Chonjo aliogopa kwamba atayakumbuka makao ya wazee.

Mchana ule Chonjo alimwita Rula. Walikaa kwenye kitanda cha Babu, kama Shangazi alivyofanya. Walitazama, wakalala chali, wakachuchumaa.

"Mimi naona meza," Rula alisema.

"Mimi pia. Lakini yeye haendi mezani. Yeye anakwenda kibandani." Chonjo aliinuka ghafla. "Rula, kibanda unakijuaje ukiwa mbali?"

Waliangaliana. Kisha wakakimbilia stoo.

Asubuhi iliyofuata Chonjo alimfunga Babu vifungo, kisha akajibanza mwisho wa korido. Baba, Mama na Shangazi walikuwa jikoni, masikio wima. Babu alitoka chumbani na kuelekea upande wa mlango wa mbele. Alitembea mahali pa zulia jeusi bila kugusa ukuta. Alifika karibu na pazia. Hapo alisita, akageuka, kama mtu aliyesahau kitu.

Juu ya mlango wa chumba chake palikuwa na bango la zamani, limefutwa vumbi hadi linang'aa, lenye picha ya ufunguo mkubwa mwekundu na maneno FUNDI KUFULI. Babu alilitazama. Alitazama chini yake, ndani ya chumba, mahali jua lilipokuwa linaangukia juu ya meza na makufuli.

"Khaa," alisema. "Nimechelewa kufungua."

Akaingia haraka, akakaa, akavuta kufuli la kwanza.

Jikoni Baba alijipangusa macho kwa kiganja, akasema ni moshi, ingawa jiko halikuwa limewashwa. Shangazi alimwekea Chonjo mkono begani.

"Jicho lako kali ni zawadi, Chonjo," alisema. "Usilifumbe. Limemrudishia babu yako kazi yake. Lakini ukiona jambo usilolielewa, muulize mwenyewe kabla hujamnyooshea kidole mbele ya watu. Mimi ningepona maneno yako polepole. Lakini tulipokuwa tunagombana uani, babu yako alibaki peke yake na mlango wazi. Shuku zetu zingeweza kumpoteza."

Chonjo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na muda kidogo kabla ya shule, kwa hiyo alikwenda hadi mlango wa chumba cha Babu na kusimama chini ya bango. Babu aliinua macho juu ya miwani, akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa mashaka makubwa.

"Wewe binti, mbona unachungulia? Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, Fundi," Chonjo alisema. "Naomba kuuliza. Unafanyaje hapo?"

Babu alisogea upande mmoja wa benchi, akamwachia nafasi, na kumwekea kiganjani kibanio cha nywele cha Mama.

"Ukiuliza hivyo," alisema, "njoo ukae."